Tumbo la Phineas na Kimanga cha Tryphena

Ndugu zangu mnaosoma haya baada ya kutua jembe, sogezeni taa karibu. Kuna jambo ambalo tukiwa wengi tunalicheka, na kila mtu akiwa peke yake linamtoa jasho. Nalo ni tumbo. Msione haya. Mungu aliyetuumba nyuso ndiye aliyetuumba matumbo.

Huko Wusi, juu katika milima ya Taita, palikuwa na nyumba yenye amani. Mwenye nyumba aliitwa Phineas Mwandawiro, na mkewe Peris. Phineas alikuwa amefanya kazi ya reli kule Voi tangu ujana wake, akipeperusha bendera za treni. Alipostaafu, miaka ile ya sabini, alipanda mlima na kiinua mgongo chake akanunua ng'ombe wa gredi, mweusi na mweupe, mwenye kiwele kama ngoma. Akamwita Stesheni. Alisema safari zake zote sasa zimeishia hapo.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, Peris alikuwa akisikia maziwa yakipiga ndoo na mumewe akiimba sauti ya nne ya kwaya. Maziwa mengi yalikwenda kwenye chama cha ushirika. Yaliyobaki Phineas aliyachemsha, akajaza kikombe kikubwa cha bati alichotoka nacho relini, akanywa mpaka tone la mwisho bila kupumzika, akapangusa povu kwenye masharubu. Mchana alijaza tena. Jioni vilevile.

"Mama Mable," alikuwa akisema, maana binti yao Mable alikuwa ameolewa Taveta, "miaka yote ile Voi nilikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kama mtu aliyefiwa. Sasa nakunywa kama mzungu."

"Mzungu hunywa kidogo, tena ameshika kisahani," Peris alimjibu. "Wewe unakunywa kama ndama."

Wakacheka wote wawili. Nyumba inayoanza siku kwa kicheko imekwisha omba nusu ya sala zake.

Lakini amani ya wanadamu haikosi mdudu. Miezi michache baada ya Stesheni kuja, tumbo la Phineas lilianza vituko. Kila alasiri lilijaa hewa likakaza kama mpira wa baiskeli. Mshipi wake wa relini ukakosa tundu la kuufungia. Lilikoroma, likachemka, likamfanya mzee wa watu atoke nje ghafla katikati ya mazungumzo na kujisingizia kwamba anakwenda kumwangalia ng'ombe. Stesheni alikuwa akiangaliwa kuliko ng'ombe yeyote wa mlima ule.

Jumapili moja kanisani mchungaji aliwaambia waumini wanyamaze mbele za Bwana. Wote walinyamaza, isipokuwa tumbo la Phineas. Lilitoa sauti ndefu iliyopanda, ikashuka, ikapanda tena. Watoto wa viti vya mbele wakaziba midomo. Jirani yao Tryphena, aliyekuwa ameketi karibu na Peris, akainama akamnong'oneza:

"Treni ya Taveta imechelewa leo."

Peris alicheka ndani ya leso mpaka machozi yakamtoka. Kwa bahati mbaya, Phineas alisikia.

Huyu Tryphena alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mdomo mwepesi na moyo mweupe. Yeye na Peris walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana wa kuchota maji. Wote wawili wakaolewa Wusi, na mashamba yao yakapakana. Mfereji wa maji ulioteremka kutoka juu ya mlima ulipita kwanza kwa Phineas, kisha ukaingia kwa Tryphena, ukanywesha kabichi na nyanya zake alizouza soko la Voi. Mjane yule alisomesha watoto kwa maji yale. Wanawake hao wawili walilimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na siku ya kwa Tryphena walikula kimanga. Mnakijua: maharage, mahindi na viazi vitamu, vimepikwa vikapondwa pamoja. Wengi walipika kimanga Wusi, lakini cha Tryphena watu walikitaja kama wanavyotaja wimbo.

Kila mara Peris alimletea mumewe sahani ya kimanga hicho. Phineas alikila chote, akakisindikiza kwa kikombe chake cha maziwa. Kabla jua halijashuka, tumbo lilikuwa juu.

Hapo ndipo alipokosea mzee wetu, na ndipo tunapokosea wengi. Alikitazama sana kilichotoka kwa jirani, wala hakukitazama kilichotoka zizini mwake.

Kwanza alitafuta dawa. Huyu alimpa magadi, yule alimpa chumvi ya haluli, na baada ya haluli njia ya chooni ilifanya vumbi. Mzee wa kwaya alimwambia afunge tumbo kwa kitambaa. Dawa hizo zote zilikuwa zimemponya mtu fulani, mahali fulani, ugonjwa fulani. Yeye hazikumponya. Dawa zilipoisha akaanza kutafuta mtu.

"Mama Mable," alisema siku moja, akiwa amelegeza mshipi, "mimi sijawahi kuwa na tumbo hili kabla ya kununua ng'ombe."

"Hilo ni kweli," Peris alisema.

"Na nikila kimanga cha rafiki yako, linanipanda."

"Mara nyingi, ndiyo."

"Yeye hana ng'ombe."

Peris aliacha kupepeta mahindi. "Baba Mable, unataka kusema nini?"

"Nasema kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamke yule ananicheka kanisani mbele za watu. Hujiulizi kwa nini?"

"Anakucheka kwa sababu unachekesha!"

Lakini shuku ikishapandwa moyoni haingoji mvua. Kesho yake Phineas alikwenda kwa Mzee Donald, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa mfereji, akaomba maji yafungwe kwenye mpaka wake mpaka Tryphena ajibu.

"Unataka nifunge maji ya mjane kwa sababu ya hewa?" Donald aliuliza.

"Kwa sababu ya kijicho, mzee. Hewa ni dalili tu."

Donald alikuwa mtu mwema asiyependa ugomvi, na watu wema wasiopenda ugomvi mara nyingine huuacha ukue. Alisema jambo hilo litazungumzwa kwenye mkutano wa mfereji mwisho wa mwezi. Phineas akarudi nyumbani akamkataza mkewe kukanyaga kwa Tryphena.

Habari za mlimani hazihitaji posta. Peris alipokwenda mferejini alimkuta rafiki yake amesimama ng'ambo na debe lake, hacheki.

"Ni kweli shemeji anasema nimemlisha kitu?"

"Anasema. Mimi sisemi."

"Peris, wakifunga maji haya kabichi zangu hazitamaliza wiki. Lakini hizo nitapanda nyingine. Jina nitalipanda wapi?"

Peris alirudi nyumbani kwake. Alikaa chini ya migomba akasali sala fupi: Bwana, nionyeshe, maana mimi ninaona tumbo tu, wewe unaona ndani. Alipomaliza hakuona malaika. Aliona njia ya kwenda zahanati, akaishika.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Katuku, Mkamba aliyekulia Voi, mchangamfu na msema kweli.

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Amekataa kuja, sista. Anasema hawezi kupanda mlima wote huu kuja kumwambia msichana kwamba ana hewa."

Katuku alicheka akapiga meza. "Mwambie hata sisi wasichana tunayo. Haya, keti. Nikikuuliza moshi ule kule ng'ambo unatoka wapi, utaniambia nini?"

Peris akatazama dirishani. "Siwezi kujua. Labda ni jiko, labda wanachoma shamba."

"Labda nyumba inaungua. Tumbo kujaa ni moshi, mama. Unakuonyesha kuna kitu, haukuambii ni kitu gani. Mmoja amekula maharage hayakuiva. Mwingine anakula mbiombio akimeza upepo. Yuko ambaye haendi choo siku na siku, na mwanamke ambaye hujaa siku zake zikikaribia. Yuko ambaye tumbo lake limesahau maziwa tangu utotoni. Na mara chache, si nyingi, kuna kitu kinachoota ndani. Hicho hakikujazi jioni kikakuachia asubuhi. Kinakaa."

"Na cha mume wangu ni kipi?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye utakayejua. Kila jioni andika alichokula na tumbo lilivyomjibu. Usiandike anachokiwaza, andika kilichotokea."

Peris aliinamisha macho. "Sista, pale darasa la ngumbaru nimefika kwenye jina langu tu."

"Basi weka alama kwa njia unayoijua mwenyewe."

Njia aliyoijua Peris ilikuwa mkonge. Kama wanawake wengi wa Taita, vidole vyake vilijua kusuka kifu, kikapu chetu, tangu kabla havijajua kushika kalamu. Jioni ile alianza kitako cha kikapu kipya, na nyuzi zake akazipa kazi. Uzi wa bluu ulikuwa maziwa, mweusi maharage, kijani kabichi na sukuma. Kila jioni alisuka mzunguko wa chakula, na juu yake mzunguko wa tumbo: mwekundu likiwa limejaa, mkonge mtupu likiwa limetulia.

"Unasuka nini?" Phineas aliuliza.

"Tumbo lako."

"Ati?"

"Umesema utamshitaki mtu. Mshitaki lazima awe na ushahidi. Mimi nakutafutia ushahidi. Leo mchana umekula nini?"

Phineas alipenda neno ushahidi. Akawa anamwambia kila kitu, hata ndizi alizookota njiani. Siku aliyoshuka Voi alfajiri, kabla maziwa hayajachemshwa, kwenda kuuliza habari za pensheni, alirudi akasema amekula maharage kwa muuza chakula wa stesheni, sahani iliyojaa, na strungi.

"Na tumbo?"

"Lilikuwa... " akafikiri. "Lilikuwa kimya."

Peris akasuka mweusi, na juu yake mkonge mtupu.

Kikapu kilipofika kimo cha kiganja, mtoto mdogo angeweza kukisoma. Mwekundu ulikaa juu ya bluu. Mweusi ukiwa peke yake haukuleta mwekundu, na kijani haukuleta. Lakini popote bluu ulipopita, mwekundu uliufuata. Peris alikiweka kikapu magotini mwa mumewe akamweleza uzi baada ya uzi. Phineas alikigeuza, akakitazama ndani, akakitazama chini. Kisha akasimama.

"Stesheni?" alisema, kana kwamba ng'ombe wake ameitwa mwizi. "Ng'ombe aliyedungwa sindano na daktari wa serikali? Ng'ombe mwenye cheti?"

"Ng'ombe hana kosa. Maziwa ni mazuri, watoto wa jirani wanayanywa wananenepa. Ni tumbo lako ambalo halijayazoea."

"Haiwezekani."

"Basi tujaribu. Kama ni kijicho cha mtu, kuacha maziwa hakutakusaidia kitu. Yaache mpaka mkutano, ule kimanga cha Tryphena kwa strungi. Likipanda, mimi mwenyewe nitasimama nawe mkutanoni."

Mzee wa reli alikubali, maana alijua atashinda. Peris alikwenda kwenye mpaka wa shamba akamwita rafiki yake, akamwomba kimanga kwa ajili ya mtu yuleyule anayemshitaki. Tryphena akafunga leso yake vizuri.

"Nitapika. Na umwambie nimetia kitu. Nimetia chumvi."

Phineas alikila chote, kwa ukali, kama mtu anayekula ushahidi. Kisha akabeba kigoda akakiweka nje ya mlango, akaketi mikono juu ya magoti, akangoja. Jua lilishuka. Stesheni alicheua. Mara kwa mara Phineas aliweka kiganja juu ya tumbo, akasikiliza.

"Limefika?" Peris aliuliza kutoka jikoni.

"Bado."

Akangoja tena. Jioni aliingia ndani, akavuta mshipi wake tundu moja, kisha la pili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeponyoka akaona haya. Alirudia siku zilizofuata, na kila mara tumbo likakaa kimya.

Siku ya mkutano watu walijaa pale mfereji unapogawanyika. Donald alifungua kwa sala, akakohoa, akasema: "Mzee Mwandawiro ana neno juu ya maji ya Mama Fanuel." Fanuel ndiye mwana mkubwa wa Tryphena. Watu wote wakamgeukia Tryphena, aliyesimama peke yake amejifunika leso mbili.

Phineas alisimama. Peris aliomba moyoni kiburi kisimshinde pale mwishoni.

"Ndugu zangu," Phineas alisema, "nilikuja kwa Mzee Donald nikamshitaki mwanamke huyu kwamba amenidhuru. Ni kweli nilidhuriwa. Aliyenidhuru nimemkamata. Ana miguu minne na ninamkamua mwenyewe."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika bonde la pili. Phineas alingoja kiishe, akavua kofia.

"Shemeji Tryphena, nimekukosea. Maji ni yako kama yalivyo yangu. Kama una neno la kunitukana, nitukane sasa, watu wapo."

"Ninalo," Tryphena alisema. "Umekula kimanga changu wiki nzima, na sahani hujarudisha hata moja!"

Watu walicheka wakapiga makofi, na Donald akafunga mkutano haraka kabla mtu hajaleta shauri jingine. Peris alimkimbilia rafiki yake akamkumbatia kwa nguvu. Na ndugu zangu, katikati ya furaha ile mikono ya Peris iligusa kitu. Chini ya zile leso mbili, kwenye mwili uliokuwa umekonda mabegani, tumbo la Tryphena lilikuwa gumu na la duara.

"Dada, hiki ni nini?"

"Gesi tu," Tryphena alisema, akajitoa. "Si hata mume wako alikuwa nayo?"

Basi sikilizeni kosa la pili, maana hili lilikuwa la hatari kuliko la kwanza. Phineas, kwa kuwa alipona, aligeuka daktari. Alizunguka Wusi yote akihubiri: "Acheni maziwa! Tumbo ni maziwa!" Mzee Donald, ambaye tumbo lake lilijaa kwa sababu alikula akitembea na kuongea, aliacha maziwa akaendelea kujaa. Mama mmoja aliwanyima watoto wake maziwa, wakawa wanalia bure. Na Tryphena alipomwambia shemeji yake juu ya gesi yake, Phineas alimjibu kwa upendo wote: "Acha maziwa, utapona." Tryphena aliyaacha, ingawa tangu mwanzo alikuwa akiyanywa kidogo mno. Akatulia akingoja kupona.

Peris hakutulia. Alianza kikapu cha pili, cha Tryphena. Kila jioni alimwuliza maswali yaleyale, na kila jioni Tryphena alimjibu kwa mzaha. Lakini kikapu hakina mzaha. Maziwa au strungi, kimanga au uji, mwekundu. Asubuhi mwekundu. Siku ya njaa mwekundu. Kikapu kilipanda chote chekundu kama udongo wa Voi, na Peris alipokitazama, akaacha kusuka. Akakumbuka pia kwamba rafiki yake sasa alishiba kwa matonge machache, na kwamba shambani alikuwa akienda kujisaidia haja ndogo kila mara.

"Dada yangu," alimwambia, akiwa amemfuata mpaka kati ya kabichi, "hiki chako si cha chakula. Twende kwa Katuku."

"Siendi."

"Kwa nini?"

Tryphena aliendelea kupalilia, hakuinua uso. "Mimi ni mjane, Peris. Mjane mwenye tumbo. Unajua watakavyosema njiani? Nimelifunika tangu mvua za vuli. Nikienda zahanati watahesabu miezi kwa vidole. Tena wakiniambia nikatwe kisu?"

"Wataongea. Waache waongee, mdomo ni wao. Wewe uliniuliza jina utalipanda wapi. Nami nakuuliza, wewe mwenyewe nikikupoteza nitakupanda wapi?"

Jembe likasimama. Wanawake wale wawili walipiga magoti palepale kwenye matuta, wakaomba pamoja, na nadhani Mungu husikia vizuri sana sala inayotoka kwenye kabichi. Walipoinuka, Tryphena alisema, "Haya. Lakini uniazime leso ya tatu."

Katuku alimgusa tumbo mara moja tu, kicheko kikatoweka usoni mwake. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa siku ileile. Aliyekwenda kutafuta gari ni Phineas. Alilisimamisha gari la ushirika lenye mitungi ya maziwa, akashusha mitungi yake mwenyewe akaiacha kando ya barabara ichachuke, ili shemeji yake apate nafasi ya kulala. Njia nzima alimshikilia kichwa kisigonge ubao.

"Nilikwambia acha maziwa," alisema. "Mimi mjinga. Nilikupa dawa yangu."

"Ulinipa ulichokuwa nacho, shemeji," Tryphena alisema. "Sasa shika kichwa vizuri, unanivunja shingo."

Madaktari walimpasua. Wakatoa uvimbe uliokuwa umeota kwenye kifuko cha mayai ya uzazi, mkubwa kama boga la kulisha familia nzima. Daktari alisema haukuwa ule ugonjwa mbaya unaotapakaa, lakini ungekaa zaidi ungejisokota au kupasuka, na sasa wangekuwa wakizungumza mengine. Akauliza nani aliyemwahisha. Peris akaonyesha juu, kisha akaonyesha mumewe, kisha akaanza kulia.

Ila shauri halikuwa limekwisha. Baada ya kupasuliwa, matumbo yalikuwa bado yamelala, na Tryphena hakuruhusiwa kula mpaka yaamke. Wauguzi walikuwa na alama moja tu ya kuwajulisha. Kila walipopita kitandani waliuliza kwa sauti ya wodi nzima:

"Mama, umetoa hewa?"

"Bado, sista."

Siku ikapita. Tryphena alikuwa amelala macho makavu, bila mzaha wowote, na hilo ndilo lililomtisha Peris kuliko kidonda. Wanawake wa vitanda vya jirani walianza kumwombea, kila mmoja kwa lugha yake, Kidawida cha Wataita, Kikamba na Kitaveta. Phineas alisimama mlangoni na kofia mikononi. Yeye, ambaye alikuwa ameificha hewa yake nyuma ya ng'ombe, sasa alikuwa akimwomba Mungu ampe mtu mwingine hewa, tena bila kuona haya.

Alasiri ya pili, wakati wa kutembelea wagonjwa, wodi ilikuwa imetulia. Tryphena alikunja uso kidogo. Akafumbua macho. Na ndipo ikasikika, ndugu zangu, ndefu na ya wazi, haikufichika kwa mtu.

Tryphena akavuta shuka mpaka kwenye pua.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Bwana asifiwe!" akapaza sauti mwanamke wa kitanda cha tatu.

"Amina!" wodi nzima ikaitika. Mmoja akapiga kigelegele, mwenye kidonda akashika kidonda chake akacheka akilia kwa maumivu. Muuguzi alikuja mbio akidhani mtu amekufa, akaambiwa, naye akaenda mbio kuleta uji. Peris alimshika rafiki yake mkono akaubusu. Phineas akaingia mpaka katikati ya wodi ya wanawake, mahali asiporuhusiwa, akafumba macho akaomba kwa sauti ile ya nne:

"Bwana, tumezoea kukushukuru kwa mvua na kwa mavuno. Leo tunakushukuru kwa hewa ya Tryphena. Ni ndogo machoni pa watu, lakini sisi tumeisikia. Amina."

"Shemeji," Tryphena alisema chini ya shuka, "ukimaliza kumwambia Mungu, usiwaambie watu wa Wusi."

Lakini aliwaambia, na ndiyo sababu hata sisi tunajua.

FUNZO

Hadithi hii inatufundisha kwamba matumbo mawili yanaweza kujaa sawasawa na kila moja likawa na sababu yake. Phineas alikuwa na maziwa mengi kuliko tumbo lake lilivyoweza. Katuku alimfundisha kunywa kidogo, au kunywa maziwa lala, yaani mtindi, na ng'ombe wake akabaki zizini kwa heshima. Donald alikuwa na haraka ya kula. Tryphena alikuwa na uvimbe. Wote watatu walisema neno moja, "gesi". Kwa hiyo usisafirie nyota ya mwenzio. Dawa iliyomponya jirani ni ya jirani.

Ukijaa tumbo, kabla hujamtafuta mchawi, kitafute chakula. Angalia umekula nini, umekulaje, umekwenda choo lini, na tumbo limekujibu vipi. Fanya hivyo kila siku, kwa kalamu ukijua kalamu, kwa mkonge ukijua mkonge. Ukiona ni kitu fulani, kipunguze uone. Na ukiona tumbo halishuki siku na siku, au linakua huku mwili unakonda, au unashiba upesi, au kuna damu, homa, kutapika au maumivu makali, usingoje wala usifunike kwa leso. Nenda kwa wanaojua. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Na wewe jirani, ukimwona mwenzako ana tumbo, usihesabu miezi kwa vidole. Mwulize hali yake. Mungu alitupa macho tuangaliane, hakutupa tushukiane. Yeye na azilinde nyumba zetu, pamoja na matumbo yaliyomo.